Ombi Lisiloandikwa la Valvu ya Tisa

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika mameneja wanne wa shirika la maji, nimeona pampu tisa zikigeuka chuma chakavu, nimemzika mke, na nimemzika daktari aliyeniambia nikiendelea na chumvi sitafika sitini. Shule niliishia darasa la tatu. La nne nililiona dirishani. Lakini hakuna mtu hai aliyefungua kwa mkono wake valvu zote ishirini na mbili za mji huu isipokuwa mimi, miaka arobaini na mmoja. Wengine waliojua kazi hiyo wako makaburini na hawabishi.

Naandika kwa sababu leo nimepewa cheo nikiwa nimeshastaafu.

Shirika linatengenezewa programu ya kompyuta. Kila valvu imefungwa mota, na programu ndiyo itakayoiambia mota fungua, funga. Mvua zikikatika mgao wa maji unaanza, kwa hiyo programu lazima iwe tayari kabla ya kiangazi. Inaandikwa na watu watatu katika chumba kilichokuwa stoo ya mabomba. Mkuu wao ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Mimi niliitwa kwa sababu ramani za mabomba zililiwa na mchwa, na mimi sikuliwa.

Sasa shida yao ni hii. Kila siku mtu anaingia stoo na neno lake. Huyu anataka kitufe kihamishwe, yule anataka saa zibadilishwe, wa tatu ameota usiku anakuja kuwaeleza ndoto. Wanachojenga leo kesho wanabomoa. Bodi imesema watapewa majaribio mawili tu. La kwanza likishindikana wanaonywa. La pili likishindikana kazi inapelekwa kwa watu wa nje, na hao watatu waondoke na vikombe vyao vya chai.

Leo kwenye kikao mjukuu wangu akasema, "Ombi lolote la kubadilisha programu lipite mlango mmoja. Lisiloandikwa hatulifanyi, hata aliyeomba akiwa nani."

Wakauliza nani atakaa mlangoni. Kila mtu akaangalia meza.

Meneja akatania, "Mpeni Mzee. Huyo hata ukimuomba njia hakupishi."

Wakacheka. Nikasema nimekubali. Kicheko kikakatika kama maji.

Tarehe 3

Nimepewa meza, kiti chenye mguu mbovu na daftari jekundu la maombi. Hili la bluu ni langu mwenyewe.

Tarehe 5

Mjukuu ameniletea fomu ya maombi. Ina vyumba kumi na saba. Nimeisoma asubuhi nzima, na mimi si mvivu wa kusoma, ni mwangalifu. Nikamwambia maswali yangu ni matatu. Nani anataka? Tukibadilisha hiki, kipi kingine kitaharibika? Tusipofanya mpaka kiangazi, nani atalia?

"Babu, hayo ndiyo yaliyomo kwenye fomu."

"Basi fomu imenenepa bure."

Akacheka, akaichukua fomu yake. Tumekubaliana nitaandika majibu matatu kwenye daftari jekundu, na yeye ataweka sahihi chini.

Tarehe 9

Mvua imeanza. Msoma mita amekuja anataka valvu ya sita ifungwe nusu saa kabla ya saa yake. Nikamwambia twende tukaione. Akasema ipi? Nikamwambia hiyo unayotaka ifungwe. Tukatoka na mvua ile. Tulipofika nyuma ya karakana, matope yalikuwa yameshaingia kwenye viatu vyake. Akasimama, akatazama, akasema, "Mzee, nadhani tuiache tu kama ilivyo."

Hiyo sasa ndiyo sheria yangu. Mwombaji nafuatana naye mpaka kwenye valvu yenyewe. Akifika na bado anataka, ndipo nalipeleka kwa mjukuu atie sahihi.

Tarehe 10

Mvua.

Tarehe 16

Maombi yaliyoletwa ni kumi na tisa. Yaliyofika kwenye valvu ni sita. Yaliyorudi yakiwa bado maombi ni mawili. Mengine yamefia matopeni. Mjukuu wangu anasema waandishi wake sasa wanamaliza walichokianza. Sikumuuliza, amesema mwenyewe mbele ya watu.

Tarehe 22

Huyu mwandishi wa programu wanayemwita Miwani simpendi. Mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, anaamkia huku macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta. Unamuuliza jambo, anajibu baada ya muda mrefu kama barua ya posta. Anakula mkate juu ya kompyuta. Leo nimemuuliza kama amewahi kushika valvu.

"Hapana, Mzee."

"Unaandikaje habari za kitu hujakishika?"

Akafikiri. "Naandika unachoniambia."

Nikaondoka.

Tarehe 30

Meneja amekuja mwenyewe. Anataka kwenye kioo yaonekane maji ya bluu yakitembea ndani ya mabomba, wageni wa bodi wakija wafurahi.

"Nani anataka?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Kipi kitaharibika?"

"Hakuna. Ni picha tu."

Nikamwita Miwani. Akasema ni wiki mbili za kazi.

"Meneja, tusipofanya mpaka kiangazi, nani atalia?"

Akachezea funguo zake.

"Basi twende kwenye valvu tukaone kama maji yana rangi hiyo."

Akatazama viatu vyake, akatazama dirisha. "Mzee, unajua mimi ndiye niliyekuweka hapo?"

"Najua. Ndiyo maana nafanya kazi vizuri, usije ukaaibika."

Akaondoka. Miwani alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Nimeandika ombi la thelathini na moja: limekataliwa.

Tarehe 4, mwezi wa nne

Mvua ya mawe. Hakuna aliyekuja kuomba kitu.

Tarehe 11

Mimi na mjukuu tulikula pamoja mchana. Amekonda. Nikamuuliza kulikoni. Akasema jaribio la kwanza ni tarehe sita mwezi wa tano, na hao wenzake wawili wana watoto. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mlangoni yuko babu yake. Akasema, "Ndicho kinachonipa usingizi." Neno hilo nimeliandika kama lilivyotoka.

Tarehe 17

Leo amekuja shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Ni mkunga mkuu wa zahanati ya bondeni. Sisi tunataniana tangu hajaota jino la mwisho.

"Nasikia siku hizi wewe ni mungu mdogo," akasema. "Watu wanapanga foleni kuja kukataliwa."

"Wewe huna haja ya foleni, nakukataa hapo hapo mlangoni."

"Shemeji, acha mzaha. Mgao ukianza, zahanati inafunguliwa maji saa moja asubuhi. Mimi kina mama wananizalia alfajiri. Saa kumi na mbili nina mashuka ya kufua na mikono ya kunawa. Nipe saa moja tu kabla."

Zahanati iko kwenye valvu ya tisa. Ya tisa inakaa kwenye bomba moja na ya kumi na nne, inayojaza tangi la kilimani kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja. Mtu mwingine angesita. Mimi nimezifungua hizo mbili pamoja sihesabu mara ngapi, na tangi likajaa na zahanati ikapata. Hilo hakuna wa kunifundisha.

Mvua ilikuwa kubwa, na yeye alikuwa amevaa viatu vya kazini. Na ile valvu naijua kama ulimi unavyojua meno. Sikumpeleka.

Nikaingia stoo, nikamwambia Miwani, "Ya tisa, fanya saa kumi na mbili badala ya saa moja."

"Ombi namba ngapi, Mzee?"

"Namba utaipata. Ni tarakimu moja unabadilisha, si jengo."

Akanitazama kidogo, akabadilisha. Shemeji akaniaga akiniita mume. Nikarudi mezani, nikakuta watu wawili wananingoja na maombi yao, na lile nikalisahau.

Tarehe 25

Ombi la arobaini na nne. Limekataliwa.

Tarehe 1, mwezi wa tano

Mvua sasa zinanyesha siku moja na kuruka mbili. Mto umeshuka mpaka kwenye jiwe la pili.

Tarehe 6, mwezi wa tano

Jaribio la kwanza limeshindikana.

Wageni watatu wa bodi walikuja kabla jua halijatoka, wakakaa mbele ya kioo. Saa kumi na moja valvu ya kumi na nne ikafunguka yenyewe bila mkono wa mtu, na tangi la kilimani likaanza kujaa. Hata mimi nilisimama kutazama. Mgeni mmoja akapiga makofi.

Saa kumi na mbili kamili ya tisa ikafunguka. Msukumo ukashuka kama mtu aliyevutwa mguu. Maji yote yakakimbilia bondeni, na tangi, badala ya kujaa, likaanza kurudisha maji. Kwenye kioo namba zilikuwa zinateremka. Miwani alitaka kufunga kwa mkono, mgeni akamzuia, akasema waache waone. Saa moja tangi lilikuwa tupu. Mtaa wa kilimani wote umeshinda na ndoo tupu.

Meneja akauliza, "Nani kaifungua ya tisa saa kumi na mbili? Kwenye mpango ni saa moja."

Kompyuta inaweka kumbukumbu ya nani kagusa nini. Mjukuu wangu akafungua, akasoma, akamgeukia Miwani.

"Ni wewe. Tarehe kumi na saba mwezi uliopita."

"Ndiyo, nilibadilisha mimi," Miwani akasema.

"Kwa ombi gani?"

Akatazama vidole vyake.

Mjukuu akachukua daftari jekundu mezani kwangu, akapekua kurasa zote mbele ya wageni. Tarehe kumi na saba hakuna kitu. Akaniuliza mimi kama kuna ombi lililorukwa. Nikasema kila kilichoandikwa kimo humo. Nilisema kweli. Kilichoandikwa kimo.

Meneja akampa Miwani mpaka Jumatatu aandike barua ya kujieleza kwa nini asifukuzwe.

Mimi nimekaa nafikiri, na ninavyoona kosa si la ya tisa. Nimefungua zile mbili pamoja maisha yangu yote. Kosa liko kwenye mota. Au kwenye bomba. Watajua wenyewe.

Tarehe 7

Mota imepimwa. Ni nzima.

Tarehe 8

Bomba limepimwa. Ni zima.

Tarehe 9

Leo nimekwenda peke yangu kwenye valvu ya tisa. Hakukuwa na mvua. Nikafunua kifuniko, nikaitenganisha mota, nikaingiza ufunguo mrefu. Nikasema ngoja niifungue kama nilivyokuwa nikiifungua, nione kosa liko wapi.

Nikazungusha. Mkono ukasimama.

Nikajiambia labda imekwama. Nikatazama alama. Ilikuwa wazi robo tu. Nikaifunga, nikarudia. Mkono ukasimama pale pale. Mara ya tatu nikafumba macho, nikatanguliza mawazo mengine kabisa, nikawaza habari za chumvi. Ukasimama robo.

Miaka arobaini na mmoja nimeifungua ya tisa robo, na sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Mkono ulijua. Mkono ulisikia maji yanavyovuta, ukajizuia wenyewe. Mota haisikii kitu. Mota inajua wazi yote au fungwa yote.

Kama ningempeleka shemeji pale kama ninavyowapeleka wengine, ningeiona mota na ningeuliza swali la pili. Sikwenda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naomba.

Nimekaa juu ya kifuniko mpaka jua likawa kali.

Tarehe 10

Jumapili. Nimemkuta Miwani nyumbani kwake anafua. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

Akakamua shati kwanza. "Wewe ndiye mlango, Mzee. Nikikutaja mbele ya bodi mlango unaanguka. Kesho yake wote wanarudi mezani kwangu na ndoto zao."

"Kwa hiyo ungefukuzwa?"

"Barua nimeshaiandika."

"Umeandika nini?"

"Kwamba nilibadilisha bila ombi. Ndivyo nilivyofanya. Nilikuuliza namba, hukunipa, nikabadilisha. Mkono ni wangu."

Mkewe akaniletea kiti. Nimekaa, nimemsaidia kuanika. Si mtu wa maneno mengi, lakini nilikuwa namtazama vibaya. Mtu anayejibu polepole huenda anapima.

Tarehe 11

Kikao. Kabla Meneja hajafungua mdomo nikasimama, nikafungua daftari jekundu, nikasoma nilichokiandika asubuhi, polepole kwa sababu ndivyo ninavyosoma.

Ombi la hamsini na mbili. Anayetaka: mimi mwenyewe, kwa niaba ya shemeji yangu. Kilichoharibika: tangi la kilimani na jaribio la kwanza. Aliyeagiza kwa mdomo: mimi. Aliyeuliza namba akanyimwa: Miwani.

Kisha nikawaeleza habari ya robo.

Meneja akaegemea kiti. "Yaani wewe, uliyenikatalia mimi picha."

"Ndiyo. Na picha naikataa hata leo."

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

Mjukuu wangu hakucheka. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi—"

"Babu, hapa kazini hakuna babu. Kaa."

Nikakaa. Akauliza maswali yake kwa zamu, bila kunyanyua sauti. Kwa nini hukuandika? Kwa nini hukwenda? Nani mwingine uliyempa kitu kwa mdomo? Hilo la mwisho alilirudia mara mbili. Nikajibu hakuna. Akaagiza kila kilichobadilishwa kwenye programu kilinganishwe na daftari langu, mstari kwa mstari, watu wote watatu, siku mbili. Kisha akaandika taarifa ya bodi pale pale tukiona. Jina langu ameliandika kamili, na cheo, na kosa, bila kutetemeka. Alipofika kwenye sahihi hakunitazama.

Huyo ni damu yangu. Watu wa upande wa baba yake wasije wakadai.

Barua ya Miwani imechanwa. Daftari jekundu nimenyang'anywa, amepewa yeye. Ombi lolote la mwenye daftari mwenyewe lazima sasa litiwe sahihi na mtu wa pili. Mimi nimebaki wa kuwapeleka watu kwenye valvu. Nimemwachia Miwani na kile kiti.

Tarehe 13

Wamelinganisha. Yote yaliyobadilishwa yana ombi lake kwenye daftari, isipokuwa lile. Mjukuu wangu aliniambia mlangoni akipita, "Mengine yote umeyaandika." Akaenda.

Tarehe 15

Kuna neno la kufanya mota ifungue robo. Miwani amesema inawezekana, lakini ni wiki tatu, na valvu zote lazima zipimwe upya. Jaribio la pili ni tarehe ishirini na tisa. Ameandika ombi la hamsini na tatu: lingoje baada ya makabidhiano. Mjukuu ameweka sahihi. Ya tisa imerudishwa saa moja.

Wa kumwambia shemeji ni mimi.

Tarehe 16

Nimekwenda zahanati.

"Shemeji, saa kumi na mbili haipo tena."

"Ulisema ni tarakimu moja."

"Nilisema."

"Nimeshawaambia kina mama wote. Nimewaambia shemeji yangu ndiye mwenye maji ya mji huu."

"Si mwenyewe tena. Nimenyang'anywa."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Basi umekuja kufanya nini? Kunywa chai?"

Nikamwambia nionyeshe unapofulia. Akanipeleka nyuma. Pale uani pana tangi la plastiki limelala chini ya ukuta, limejaa majani makavu. Nikauliza la nani.

"La kwetu. Boya la kukata maji likijaa lilivunjika mwaka juzi, tangi likawa linamwagika, wakalifunga."

"Likijaa saa moja leo, si utafulia kesho alfajiri?"

Akainama kuokota jani.

"Mbona hukusema kama lipo?"

"Uliniuliza?"

Boya ni kazi ya asubuhi moja. Lilikuwepo pale tangu siku aliyokuja mezani kwangu, hatua ishirini kutoka kitanda cha kujifungulia, na halikuhitaji programu kubadilishwa hata herufi.

Tarehe 18

Mimi na Miwani tumefunga boya jipya. Ameshika valvu kwa mara ya kwanza, ndogo, ya nusu inchi. Akaifungua, akaifunga, akaifungua. Nikamwambia basi, hiyo si mwanasesere.

Tarehe 23

Mvua ya mwisho, nadhani. Ilinyesha kama mtu anayeaga huku ameshavaa viatu.

Tarehe 29

Jaribio la pili. Saa kumi na moja ya kumi na nne ilifunguka. Saa kumi na mbili hakuna kilichotokea, na sote tulikuwa tunakitazama hicho kisichotokea. Mjukuu wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Saa moja tangi la kilimani lilikuwa limejaa mpaka kwenye alama, ya kumi na nne ikajifunga, ya tisa ikafunguka. Mgeni yule yule wa mara ya kwanza hakupiga makofi safari hii mpaka ya ishirini na mbili ilipojifunga.

Wanabaki wote watatu. Mjukuu alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalala pale pale ameegemea ukuta. Nilisimama upande wa jua ili nimfunike na kivuli.

Tarehe 14, mwezi wa sita

Makabidhiano. Mgao umeanza jana na mji umepata maji kwa zamu zake. Ombi la hamsini na nane, la Meneja, la maji ya bluu kwenye kioo, limerudi tena. Miwani alimwambia twende tukaone bombani, na kwa kuwa ni kiangazi na matope hayapo, Meneja akaenda. Nimewapeleka mimi. Limekubaliwa, la mwezi wa kumi, baada ya lile la robo.

Haya yote ni kama yalivyokuwa. Anayeona nimejipendelea akamuulize Meneja, maana hanipendi, na shahidi mzuri ni yule asiyekupenda. Miwani naye yupo, ila umpe muda wa kujibu. Taarifa iko bodi, imeandikwa na mjukuu wangu kwa mkono wake, na humo sikupendelewa hata nukta. Na shemeji anajua habari ya tangi tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini kwake usiende wiki hii. Mashuka yanafuliwa alfajiri kila siku, na bado amenuna.